Weusi wa chini ya macho: si kila mwenye nao amekesha

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni Jumapili iliyopita)

Juma hili nimeziweka kando barua zinazouliza juu ya presha na kisukari, ingawa ni nyingi na wenyewe wananisubiri, ili nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Ni ule weusi unaokaa chini ya macho kama mwezi mchanga, ambao ukimtokea mtu kila anayekutana naye humwuliza, "Vipi, umekesha?"

Lingekuwa dogo kweli kama watu wangeishia kuuliza. Lakini hapa Dar es Salaam hawaishii hapo. Mwenye macho hayo akiwa mwanamume, husemwa kuwa ni mlevi. Akiwa msichana, husemwa kuwa anatembea usiku. Na akiwa amekonda kidogo, basi waganga wa barazani huwa wameshampima na kumpa majibu yake bila kumtoa hata tone la damu.

Ninaye mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anafanya kazi ya kupokea wageni katika ofisi moja mjini. Weusi huo alikuwa nao tangu akisoma shule ya msingi. Mama yake anao. Bibi yake, yaani marehemu mama yangu mimi, alikuwa nao hadi siku tuliyomzika, naye alikuwa mtu wa kulala mara tu baada ya sala ya isha. Lakini siku moja mkuu wake wa kazi alimwambia binti yetu, mbele ya wageni, aende kwanza nyumbani akalale ndipo arudi kupokea watu. Binti aliona haya. Jioni ile ile akapita Kariakoo, akanunua kikopo cha krimu kisichoonyesha kimetengenezwa wapi, akaambiwa apake asubuhi na usiku, na baada ya siku chache atasahau kwamba aliwahi kuwa na weusi.

Muuzaji hakusema uongo, na hapo ndipo penye mtego. Weusi ulififia. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili iliyofuata, akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," na kabla sijaitikia sawasawa akanisogezea uso: "Hebu nitazame." Nikamtazama, nikamsifu. Leo nakiri mbele yenu kwamba nilimsifu, mimi ninayekaa mbele ya kipaza sauti kila juma kuwaambia wenzangu mambo ya afya. Sikumwuliza amepaka nini.

Mwezi wa tatu alirudi akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nitawaeleza baadaye kilichokuwa nyuma ya miwani hiyo. Kwanza tuelewe weusi wenyewe unatoka wapi, kwa sababu bila kuelewa hilo tutaendelea kununua vikopo.

Ngozi ya mwili wetu haina unene mmoja. Ya unyayo ni nene, inatembea juu ya changarawe na haijali. Ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote. Unene wake ni kama nusu milimita tu au pungufu. Tena chini yake hakuna tabaka la mafuta la maana kama lile la shavuni. Ukitoka kwenye ngozi unaingia moja kwa moja kwenye msuli mwembamba unaozunguka jicho, ule unaotuwezesha kufumba na kupepesa macho, na kwenye mishipa midogo midogo ya damu. Hivyo kilichoko ndani huonekana kwa nje, mfano wa pazia jepesi ambalo taa ikiwashwa chumbani wapita njia wanaona yote.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, weusi huo si kitu kimoja. Watu wanne wanaweza kukaa benchi moja, wote wana weusi chini ya macho, na kila mmoja ana sababu yake. Wa kwanza ni rangi yenyewe ya ngozi. Ngozi zetu zina rangi ya asili iitwayo melanini, na kwa baadhi ya koo rangi hiyo hujikusanya zaidi kuzunguka macho. Ni urithi kama ulivyo urithi wa pua na masikio. Mara nyingi huanza kuonekana utotoni au ujanani na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Weusi wa namna hii ni wa kawaida sana kwa Waafrika, Wahindi na Waarabu, na hauhusiani na saa za kulala. Mama yangu alikuwa wa kundi hili.

Wa pili ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Huu huelekea kuwa na rangi ya zambarau au buluu. Wa tatu ni kivuli tu. Mtu anapopata umri, nyama ya shavu hushuka, bonde linachimbika kati ya jicho na shavu, na mafuta yaliyokuwa yamelizunguka jicho husogea mbele yakafanya kifuko. Taa ikiwa juu ya kichwa, bonde hilo hutupa kivuli, nasi tunakiita weusi. Wa nne ni yule aliyechanganya mambo mawili au yote matatu, na wengi wetu tuliovuka miaka arobaini tuko hapo.

Ipo njia rahisi ya kujikagua, nayo haidai fedha. Chukua kioo, simama karibu na dirisha mchana, jua lisikupige usoni. Jitazame, kisha inua uso taratibu kuelekea kwenye mwanga. Weusi ukitoweka au ukipungua sana, ujue sehemu kubwa ilikuwa kivuli. Sasa rudisha uso mahali pake, na kwa ncha ya kidole uvute ngozi ya chini ya jicho kidogo sana kuelekea chini, bila kuikwaruza. Weusi ukibaki na rangi ile ile, basi elekeza macho kwenye melanini. Ukizidi kuwa wa zambarau, ni mishipa. Kipimo hiki si cha kutolea hukumu, na daktari wa ngozi ana vifaa bora zaidi, lakini kitakusaidia usiende kununua dawa ya rangi kumbe shida yako ni bonde.

Labda mtaniuliza, je, usingizi hauna lawama kabisa? La hasha, unayo. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm, Uswidi, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia watu kumi. Waliwapiga picha baada ya kulala vizuri, wakawapiga tena baada ya kuwanyima usingizi kwa saa 31. Kisha watu arobaini wakaonyeshwa picha hizo na kutakiwa kutaja wanayoyaona usoni. Zile za waliokesha zilionekana kuwa na kope zilizolegea, macho mekundu, uvimbe, ngozi iliyopauka na weusi zaidi chini ya macho. Kwa hiyo wale wanaouliza "umekesha?" hawabahatishi moja kwa moja. Kosa lao ni kugeuza hesabu. Aliyekesha huongezeka weusi, ni kweli. Lakini mwenye weusi si lazima awe amekesha.

Na sisi wa mjini tunakesha sana bila kujiita wakeshaji. Anayeishi Mbagala au Kibamba na kufanya kazi Posta huamka saa kumi alfajiri kuuwahi usafiri, na jioni foleni humfikisha nyumbani saa mbili. Akila na kuzungumza na watoto ni saa nne. Hapo mechi ya Ulaya ndiyo kwanza inaanza, au simu inamwita kitandani kutazama moja mbili tatu. Akifumba macho saa sita amepata saa nne za usingizi, wakati mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Kwa mtu huyu krimu haiwezi kufanya kazi ya mto. Simwambii ahamie Posta, maana najua kodi za huko. Namwambia simu ibaki sebuleni.

Kuna pia uvimbe wa asubuhi. Ukilala chali kichwa kikiwa sawa na mwili, maji ya mwilini hukusanyika kwenye ile ngozi laini ya macho, nawe huamka na vifuko. Vifuko hivyo hutupa kivuli, na weusi huonekana mara mbili. Aliyekula chakula cha chumvi nyingi usiku huvimba zaidi. Kwa kawaida hali hiyo hupungua yenyewe baada ya saa chache za kusimama na kutembea. Kuinua mto kidogo husaidia.

Sasa nije kwenye sababu ambazo hazionekani kwenye kioo. Upungufu wa damu huifanya ngozi ya uso ipauke, na hapo weusi wa chini ya macho hujitokeza zaidi. Wazee wetu waliokuwa wakimshika mtoto na kumfunua ukope wa chini kumtazama ndani hawakuwa wakicheza. Ndani ya ukope panatakiwa pawe pekundu. Pakiwa peupe, mtu huyo aende zahanati apimwe wingi wa damu, hasa ikiwa anachoka haraka, anahema akipanda ngazi au moyo unamwenda mbio. Wanawake wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi, wajawazito, na watoto wenye safura wako katika hatari zaidi. Kuna kina mama wanaohangaika na weusi wa macho kwa miaka, kumbe wanapungukiwa damu na hakuna aliyewafunua ukope. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani zina madini ya chuma. Kamulia ndimu kwenye mboga hizo ili mwili uyapokee vizuri, na chai uinywe mbali na mlo, kwa sababu chai huyazuia. Lakini upungufu mkubwa hauponi kwa mchicha peke yake. Unahitaji kupimwa, ijulikane damu inapotelea wapi.

Sababu nyingine ni kufikicha. Vumbi, moshi wa kuni na mkaa, manyoya ya paka, chavua za maua, haya yote huwawasha macho wenye mzio. Pua ikiziba kwa mzio, damu nayo hutuama katika mishipa ya chini ya macho na kuifanya ionekane myeusi. Mtu anafikicha leo, anafikicha kesho, na ngozi ile nyembamba hujitetea kwa kutengeneza rangi zaidi. Ngozi zetu zina tabia hiyo: palipochubuka au kuwashwa hubaki alama nyeusi. Hali kadhalika kwa mwenye pumu ya ngozi iliyofika kwenye kope. Mtoto anayefikicha macho kila msimu wa vumbi apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Nasisitiza apelekwe, kwa sababu wapo wazazi wanaokwenda duka la dawa na kununua matone yenye steroidi, yale ambayo macho hutulia siku ile ile, wakayatumia mwaka mzima. Matone hayo yakitumika muda mrefu bila kusimamiwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho huua mshipa wa kuonea kimya kimya, na kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Kwa upande mwingine, wapo wagonjwa wa presha ya macho ambao wameandikiwa matone ya aina ya latanoprosti, wakaona kope zao zinakuwa nyeusi. Hilo ni jambo linalojulikana kwa dawa hizo. Mwambie daktari wako, lakini usiiache dawa kwa hiari yako. Afadhali kope nyeusi kuliko jicho lisiloona.

Na sasa ile miwani ya jua.

Binti alipoivua, kope zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinamchoma hata akinawa kwa maji matupu. Ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba kupita kiasi, na vimishipa vyekundu vilionekana kama nyuzi. Kila alipojaribu kuacha krimu hali ilizidi, basi akarudi kupaka. Tulikwenda hospitali pamoja, na daktari wa ngozi hakuuliza mengi, alisema, "Nipe kikopo." Alikitazama, akatingisha kichwa, akampangia namna ya kuiacha, kisha akamwandikia karatasi ya kwenda chumba cha macho kupimwa presha ya jicho. Binti alishangaa. "Daktari, mimi nimepaka ngozi, sijapaka jicho." Naye akamjibu kwamba kilichopakwa kwenye kope hakikai kwenye kope.

Krimu za kung'arisha zinazouzwa kiholela, pamoja na ile michanganyiko tunayoiita mkorogo, mara nyingi huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni steroidi kali kama betamethazoni au klobetazoli. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi mkononi mwa daktari, lakini zikipakwa kila siku huikonda ngozi. Hebu fikirieni: ngozi ambayo tayari ni nyembamba kuliko zote mwilini, unaipaka kitu cha kuipunguza unene. Mishipa iliyokuwa inaonekana kidogo sasa itaonekana yote. Na kama yalivyo yale matone, huweza kuliathiri jicho lenyewe.

Cha pili ni haidrokwinoni. Huzuia ngozi isitengeneze melanini, na zipo nchi ambako madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda mfupi. Ikipakwa miaka na miaka bila usimamizi, tena juani, huleta madoa ya weusi uliochanganyika na buluu, hasa kwenye mashavu na pembeni mwa macho, na madoa hayo ni magumu mno kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaandika mwaka 1975 baada ya kuyaona kwa wanawake waliokuwa wakijichubua. Yaani mtu alilipa fedha kuondoa weusi, akanunua weusi wa kudumu. Afrika Kusini ikaja kupiga marufuku mafuta ya kujichubua mwaka 1990, Kenya ikazipiga marufuku krimu zenye haidrokwinoni na zebaki mwaka 1998, na hapa Tanzania vilevile ni marufuku.

Cha tatu ni hiyo zebaki. Hupenya ngozi, hujikusanya mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni, na hata asiyejipaka huipata kwa kushika taulo na mashuka ya anayejipaka. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa huko Japani mwaka 2013, uliyataka mataifa yaache kutengeneza na kuuziana vipodozi vya namna hii ifikapo mwaka 2020. Hata hivyo vinaendelea kupita mipakani na kuuzwa. Ukiona kopo limeandikwa onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, lirudishe rafuni. Onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki huila dhahabu. Na kopo lisiloorodhesha kilichomo ndani, kama lile la mpwa wangu, halistahili kuwekwa karibu na jicho hata kama muuzaji ni jirani yako. Ukaguzi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS, tangu mwaka 2019, na vikopo vya kutilia shaka hupelekwa huko.

Pengine mwenye subira fupi ameshaanza kunung'unika: "Huyu mzee anakataza tu, hasemi tufanye nini." Haya, nasema.

Asubuhi yenye uvimbe, chovya kitambaa safi katika maji baridi, hata ya mtungini yanatosha, ukikamue na kukiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kama kumi. Baridi huibana mishipa na kupunguza uvimbe. Vipande vya tango ambavyo akina dada hujiwekea vinafaa kwa sababu hiyo hiyo ya ubaridi na maji, hakuna siri nyingine. Vijifuko vya majani ya chai vilivyolowekwa na kupozwa vina nyongeza kidogo, maana kafeini nayo huibana mishipa. Yote haya ni ya saa chache, kesho unarudia.

Ndimu na limau, hapana. Nimepokea barua zaidi ya moja zikisifu ndimu usoni. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuunguza hadi malengelenge yatoke, na panapopona hubaki doa jeusi kwa majuma au miezi. Wauza machungwa na ndimu wanazijua alama hizo mikononi mwao.

Jua ndilo linalopaswa kuogopwa zaidi kuliko usiku. Mwenye weusi wa melanini, akijikinga na jua huwa amefanya kazi kubwa kuliko krimu nyingi. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, miwani ya jua inayofunika vizuri, na kama uwezo upo, mafuta ya kinga ya jua ya namba 30 au zaidi, yapakwe kwenye mfupa wa chini ya jicho na siyo kwenye ukingo wa kope. Usoni tumia mafuta laini yasiyo na manukato. Kope zilizokauka zinatosha kupakwa mafuta ya mgando kidogo usiku.

Poda na krimu za kuficha sizipingi hata kidogo, ingawa wazee wenzangu watanishangaa. Mtu akitaka kwenda harusini bila kuulizwa maswali, afiche. Achague inayofanana na rangi yake, na usiku aifute kwa pamba na mafuta, taratibu, asisugue kama anayeosha sufuria.

Kuhusu dawa za hospitali, zipo krimu za vitamini C na za jamii ya vitamini A, hizi za pili mjamzito asiziguse. Kuna mionzi ya leza, kuna na sindano za kujaza bonde. Zina gharama, matokeo yake huwa ya sehemu tu, na leza katika mikono isiyozoea ngozi nyeusi huweza kuongeza weusi. Sindano karibu na jicho si kazi ya saluni. Mtafute daktari wa ngozi. Nchi yetu si maskini wa wataalamu hao kama wengi wanavyodhani. Pale KCMC, Moshi, pana kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika hospitali nyingi.

Lipo jambo moja ambalo si la kusubiri kitambaa cha baridi. Mtu akipigwa kichwani au akianguka na bodaboda, kisha macho yote mawili yakazungukwa na weusi wa damu iliyovilia, hata kama hakupigwa machoni, huenda mfupa wa chini ya ubongo umevunjika. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile jicho moja likivimba, likauma, likatokeza nje au likaanza kuona ukungu, lipelekwe kwa daktari siku hiyo. Na anayevimba macho kila asubuhi, miguu nayo imevimba na mkojo una povu, akapimwe figo. Hayo si mambo ya urembo.

Kuna mama wa Temeke ameuliza kama wanja wa mtoto mchanga unaweza kumwachia weusi. Weusi wa wanja huoshwa ukatoka, mama, si huo unaonitia wasiwasi. Baadhi ya wanja wa unga, ule wa jiwe unaoletwa kutoka ng'ambo, huwa na madini ya risasi kwa wingi, na mtoto hujifikicha kisha akalamba vidole. Risasi hudumaza akili ya mtoto. Wa masizi ya nyumbani hauna risasi, lakini kidole na kijiti huingiza vijidudu. Mwache mwanao na macho yake kama alivyoumbwa.

Mpwa wangu presha yake ya jicho ilikutwa haijapanda, tunashukuru. Kuiacha krimu kulimchukua miezi, na katika miezi hiyo kope zilikuwa mbaya kuliko zilivyokuwa kabla hajaenda Kariakoo. Jumapili hii alikuja bila miwani. Weusi wake umerudi pale pale ulipokuwa, wa mama yake na wa bibi yake. Nilimwuliza yule mkuu wake wa kazi anasemaje siku hizi. Akacheka, akasema yule amehamishwa, na aliyeletwa badala yake ana weusi wa macho kumshinda yeye.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye barua zenu za presha, nikianza na ya yule bwana aliyeuliza kama chumvi ya mawe ni salama kuliko ya pakiti.